Nyumba Yenye Dirisha la Mama

Kazi yangu ni kushona viatu. Kila asubuhi naweka kigoda changu nje ya chumba tunachopanga, naanika gundi juani ilainike, nasubiri wenye miguu. Binti yangu anafua. Mume wake, mchomelea vyuma, anatoka na miwani yake myeusi shingoni. Wajukuu wanagombania choo na watoto wa wapangaji wengine. Nyumba nzima ina choo kimoja. Mwenye nyumba hata hajui kinavyonuka, maana haishi humu.

Asubuhi moja binti yangu aliacha kufua akanijia.

"Baba, tumepata nyumba."

Hakusema tumeona. Alisema tumepata. Nikaacha sindano ndani ya soli.

"Mmepata, au mmeonyeshwa?"

"Ah, baba! Twende ukaione. Ina dirisha kama la mama."

Hapo nikaiweka soli chini.

Dirisha hilo lina habari yake. Mimi na marehemu mke wangu tulikuwa na nyumba yetu. Dirisha la mbele lilikuwa chini sana, kwa sababu fundi alikosea kipimo. Mke wangu alicheka, akasema, "Liache hivyo hivyo. Nitakaa hapa nichambue mboga huku nasalimia watu." Akakaa hapo miaka yote.

Kisha wakaja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu. Wakachora X chini ya dirisha. Maana yake, nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, itabomolewa. Kibali cha kujenga tulipewa. Umeme tuliwekewa. Kodi ya jengo walikuwa wanaipokea kila mwaka, wala hawakuwahi kuirudisha wakasema samahani, ninyi mko barabarani. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa, "Mzee, idara ile siyo hii."

Tingatinga likaja. Mke wangu alifia katika chumba hiki cha kupanga, kisicho na dirisha la mbele. Waliochora X wanalala kwao mpaka leo.

Basi nikaenda kuiona hiyo nyumba. Dalali alitupokea mlangoni. Watu wanamwita Asali, kwa sababu ya ulimi wake.

"Karibu, mzee wangu! Hii siyo nyumba, hii ni bahati. Kuna wengine wanaililia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Binti yangu alikwenda moja kwa moja dirishani. Kweli lilikuwa chini. Akakaa, akaweka mkono juu ya ukingo, akatazama njia. Machozi yakamlengalenga. Mkwe wangu alifungua bomba, maji yakatoka, naye akaridhika.

Mimi nikazunguka nyumba. Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe, mpya. Pembeni na nyuma, rangi ya zamani ilikuwa inabanduka kama magamba.

"Kijana, mbona mmepaka mbele tu?" nikamuuliza Asali.

"Mzee wangu, watu huosha uso. Nani anaosha kisogo?"

Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini mtu akiniletea kiatu kilichong'arishwa juu, mimi hukigeuza nione soli.

Jirani alikuwa anawapa kuku pumba upande wa pili wa ua. Mama mtu mzima, mkavu, mwenye sauti. Mtaani wanamwita Bi Kuku.

"Mwenzangu," akaniita, "umepotea au unanunua?"

"Usimsikilize huyo, mzee!" Asali akadakia. "Akili zake zimeliwa na kuku."

"Na zako zimeliwa na kamisheni," Bi Kuku akamjibu, akaendelea kumwaga pumba.

Njiani nilimwambia binti yangu kwamba ukuta ule umenitia shaka. Akasimama.

"Baba, wewe kila ukuta unauona una X. Tangu mama afe hujaona kitu kizuri. Ijumaa tunalipa."

Nikaendelea kutembea. Kumbe serikali ikikubomolea nyumba, inakuharibia na ushahidi wako. Ukisema jambo, hata mwanao anaona ni kinyongo tu kinaongea. Nami nilijua kilicho hatarini. Fedha ile ilikuwa jasho lote la ndoa yao. Ikipotea, watazeekea kwenye foleni ya choo.

Kesho yake mkwe wangu alikuja kigodani pangu, akachuchumaa.

"Baba, lile swali lako la rangi limenikosesha raha. Twende kwa yule mama, bila dalali."

Binti yangu alitufuata nyuma, amenuna. Bi Kuku alitupa viti, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwanza, mmefanya vizuri kurudi wenyewe," alisema. "Dalali anataka uuziwe. Jirani ndiye anayejua. Muulizeni mtu anayeishi karibu, tena siyo mmoja. Njooni siku ya mvua mwone maji yanapita wapi. Haya, wewe mwenye mikono ya chuma, nisaidie kusogeza banda."

Mkwe wangu akasogeza banda la kuku. Chini yake palikuwa na jiwe la zege, limechongwa namba juu.

"Hili ni jiwe la mpaka wa barabara," Bi Kuku alisema. "Mimi niko upande huu. Nyumba mnayoitaka iko upande ule."

"Upande wa barabara?" mkwe wangu akauliza.

"Upande wa barabara, mwanangu. Mwenye nyumba anajua. Asali anajua. Rangi ile yenyewe siyo rangi, ni chokaa."

Binti yangu aliinuka. Akachovya kitambaa katika maji ya kuku, akavuka ua, akaanza kusugua ukuta chini ya dirisha. Alisugua kwa hasira, kama anayetaka kutuumbua sisi sote. Chokaa ikatiririka. Kisha ikatiririka nyekundu kidogo. Kisha tukaona mstari mmoja, na mwingine ukiukata.

Ilikuwa pale pale. Chini ya dirisha, kama ya mama yake.

Akakaa chini kwenye vumbi. "Baba," akasema, "mimi nilikuwa nanunua dirisha tu."

"Najua, mama," nikamwambia. "Inuka."

Siku iliyofuata tulikwenda ofisi ya ardhi. Tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, nitamtendea haki. Alitufungulia ramani, akatuonyesha kwa kalamu.

"Kiwanja hiki kimo ndani ya hifadhi ya barabara. Asiwauzie mtu. Kabla ya kununua popote, leteni namba ya kiwanja hapa. Tutawaambia jina la mwenye hati, na kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna kesi au zuio. Nakala ya hati anayoonyesha dalali haitoshi."

"Asante, mwanangu," nikasema. "Sasa niambie. Mbona nyumba hiyo ina umeme? Mbona inalipa kodi?"

Akainamisha macho. "Mzee, idara ile siyo hii."

Nilijua tu. Nadhani wanafundishwa wote shule moja.

Hatukununua. Asali alimtukana mkwe wangu kwenye simu, akamwita mwoga. Mkwe wangu akamwambia, "Mwoga huhudhuria maziko ya shujaa," akakata.

Nyumba nyingine walikuja kuipata baadaye, mbali kidogo, mbaya ya sura. Safari hii binti yangu ndiye aliyekuwa mkali. Alikwenda siku ya mvua, amevaa viatu vyangu vya mpira. Akapiga hodi kwa majirani. Akapeleka namba ya kiwanja ofisini. Muuzaji alipotaka kuuza peke yake, akamwuliza, "Mkeo yuko wapi?"

"Mke wangu hana neno," muuzaji akasema.

"Basi aje aseme mwenyewe kwamba hana neno."

Mke akaja. Alikuwa na neno, tena mengi, lakini mwishowe alikubali, akatia sahihi mbele ya mwanasheria. Mwanasheria tulimtafuta sisi wenyewe, siyo muuzaji. Malipo yakapita benki, na hati ikabadilishwa jina. Sasa hati inasoma majina ya wote wawili, mume na mke.

Ile nyumba ya chokaa haikukosa mtu. Asali aliipaka tena, akawauzia wengine. Tingatinga lilipokuja, nilikwenda kusaidia kubeba vyombo. Mama mmoja kijana alikuwa amekaa juu ya godoro njiani, na mtoto mchanga mapajani. Ukuta wa mbele ulianguka mzima, na dirisha lake.

"Hukuwaambia?" nilimuuliza Bi Kuku.

"Nilimwita mume wake. Akanipungia mkono tu. Asali alikuwa ameshamwambia kuhusu akili zangu na kuku."

Mtu wa barabara alikuwa amesimama pale na koti lake la manjano. Yule mama akamwuliza kwa nini umeme wa nyumba yake ulikuwa unawaka mpaka jana. Sikusubiri jibu. Nalijua.

Kwetu sasa choo ni chetu. Wajukuu wanaenda shule wameoga. Na mwezi uliopita mkwe wangu alivunja sehemu ya ukuta wa mbele, akateremsha dirisha chini, akalitia nondo alizochomelea mwenyewe. Aliponiuliza kipimo nilimwambia, "Kosea kidogo."

Kigoda changu kiko hapo. Nashona viatu huku nasalimia watu. Wanaitikia wote. Pembeni yangu nimeweka kiti kingine, na hakuna anayekikalia.