Sahani Ndogo ya Fundi

Mke wa fundi cherehani alipakua chakula mpaka kikataka kumwagika. Akaweka sahani mbele ya mumewe, akavuta kiti, akakaa kumtazama.

"Mbona unanisimamia kama mtihani?" aliuliza Fundi. Hata mkewe alimwita hivyo.

"Kula basi, nikuache."

Fundi alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Tangu aanze dawa za saratani ya utumbo, mambo yalikuwa hayohayo. Mkewe alimwona mkaidi. Ila suruali zilimkaa vizuri, naye akajipa moyo kwamba hajakonda sana.

Siku ya kliniki, nesi alimpandisha Fundi kwenye mizani. Akasoma, akasoma tena.

"Baba, uzito umeshuka sana. Leo dawa utapata. Ukizidi kushuka, huenda daktari akaahirisha zijazo mpaka upate nguvu."

"Haiwezekani!" mke alidakia. "Suruali hii ya zamani, na bado inamkaa sawasawa!"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nimekuwa nikizibana suruali zangu, mke wangu. Kila nikikonda, napitisha mshono mwingine. Sikutaka uhangaike."

Mkewe alitaka kumgombeza, akaishia kumshika mkono. Aliogopa kweli kweli.

"Kwa nini huli, baba?" nesi aliuliza taratibu.

"Harufu ya chakula cha moto inanichefua. Na nikiona sahani ile, nashiba kwa macho."

"Mama, huo si ukaidi," nesi alisema. "Ugonjwa na dawa huondoa hamu ya kula. Usimlazimishe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, kwenye sahani ndogo. Chakula kikipoa, harufu hupungua. Tia siagi ya karanga kwenye uji. Mpe mayai, parachichi, maziwa. Asijaze tumbo maji kabla ya kula. Na wewe baba, ukipata kichefuchefu au vidonda vya mdomo, usifiche. Vina dawa."

"Na mimi nisimtazame?" mke aliuliza.

Nesi alicheka. "Kula naye, mama."

Tangu siku hiyo, uji ulioongezwa karanga ulimfuata Fundi kwenye cherehani. Mkewe alikuja na bakuli lake. Walikula huku wakimsengenya mteja anayedai nguo imepungua, kumbe yeye ndiye kanenepa. Siku nyingine Fundi alikataa kabisa. Mkewe aliondoa sahani kimya, akarudi baadaye na yai. Kichefuchefu kilipozidi, Fundi alisema mwenyewe. Wakaenda kliniki, akapewa vidonge, akapata nafuu.

Zamu ya dawa ilipofika, Fundi alipanda mizani. Mkewe alifumba macho.

"Uzito haujashuka," nesi alisema. "Umepanda kidogo. Daktari amekubali, leo dawa kama kawaida."

Machozi yalimtoka mke wa Fundi palepale, mbele za watu, wala hakuona haya.

"Sasa unalia nini?" Fundi alimwuliza, akimgusa bega. "Hebu fungua huo mkoba, umebeba chakula gani? Mwenzio nina njaa."