Gari Lililosikiliza

Injini ilikuwa imezimwa na funguo ziko mezani, lakini maji ndani ya glasi aliyoiweka fundi juu ya boneti yalikuwa yakichezacheza.

"Upepo," alijisemea. Matambara yaliyoanikwa langoni yalining'inia kimya.

Wateja walimwita Sikio, maana aliweza kusimama mbali na gari, akafumba macho, na kukutajia kinachougua. Gari hili lilikuwa la mdogo wake wa kike, nesi wa wodi ya watoto wachanga, aliyelinunua wiki mbili zilizopita kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Kaka, inatetemeka," alisema yule dada. "Nikikaza mwendo, usukani unanirusha mikono kama nimepanda punda."

"Punda ana nafuu, hapigi honi." Sikio aliinama juu ya gari. Kueleza ndiko alikokupenda kuliko kutengeneza, na alieleza huku akigonga boneti kwa kidole, pigo moja kwa kila sababu. "Sikiliza, mdogo wangu. Usukani ukitetemeka, ni tairi za mbele, hazijabalansi. Kiti kikitetemeka, ni za nyuma. Ukikanyaga breki ndipo ikatetemeka, diski zimepinda. Ikitetemeka imesimama, ni ile mipira inayoshikilia injini, imekufa."

"Na kama si hayo yote?"

"Basi anayetetemeka ni dereva."

Walicheka wote wawili. Sikio akabalansi tairi za mbele, na usukani ukatulia.

Siku ya tatu dada alirudi. "Usukani mzima. Sasa ni kiti."

Akabalansi za nyuma. Kiti kikatulia, ikaanza breki. Alizifungua diski, akazipima mara mbili. Zilikuwa zimenyooka kama rula. Akazibadilisha hivyo hivyo, kwa kuwa ni mdogo wake. Breki zikatulia, na kesho yake gari likatetemeka kwenye taa za barabarani, limesimama tu. Vioo vyake vilikuwa na ukungu kwa ndani, na Sikio alipofungua mlango alikutana na harufu ya pumzi ya mtu aliyelala muda mrefu bila kufungua mdomo.

Alifungua mipira ya injini mchana ule, akaibonyeza mmoja mmoja kwa dole gumba. Yote ilikuwa mizima. Alifunga mipya, mtetemo ukakoma, akaliachia gari liende. Alikuwa bado ananawa mikono kwa sabuni ya unga alipojikuta akihesabu bila kutaka, usukani, kiti, breki, injini, akaona kwamba gari halikuwa likiharibika bali lilikuwa likifuata, neno kwa neno, mpangilio ule ule alioutamka yeye akiwa ameinama juu ya boneti, na kwamba katika orodha ile kulikuwa kumebaki jambo moja tu.

Jioni ile simu ikaita.

"Kaka." Dada alinong'ona. "Nimejifungia stoo ya wodi. Gari imetulia kabisa. Lakini mikono yangu..."

"Imefanya nini?"

"Nilikuwa namtafutia mtoto mshipa. Ana siku mbili, kaka. Sindano imenishinda. Ningemtoboa vibaya."

"Labda hujala."

"Nimekula! Usinifanye mtoto. Kama hii mikono haitulii, mimi si nesi tena."

Mganga waliyeelekezwa, wakamwendea kesho yake asubuhi, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito. Hakutaka kuliona gari. Aliuliza tu kilichosemwa mbele ya gari hilo, na Sikio akarudia yote, hadi ule utani wa mwisho, huku akitazama sakafu.

"Jini huyu alikuwa hajui pa kukaa," alisema mama. "Umemtembeza chumba hadi chumba, mwanangu. Mwisho ukamfungulia kwa mdogo wako."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Yeye hajui utani. Mrudishe kwa mdomo uleule, na kidole chako kiwe palepale. Kisha unyamaze. Usimtajie pengine tena maisha yako yote."

Jua lilikuwa la utosi walipofika gereji. Dada aliketi nyuma ya usukani, mikono mapajani, na funguo alizozishika zililia mfululizo. Sikio aliweka kidole juu ya boneti.

"Si dereva," alisema. "Ni injini. Rudi kwenye injini."

Funguo zikanyamaza, na chini ya kidole chake bati likaanza kupanda na kushuka, polepole, kwa joto ambalo halikuwa la jua, kama ubavu wa mnyama anayejigeuza ili alale vizuri, na ile harufu ya pumzi ikamjia usoni, karibu sana, kama ya mtu anayesubiri uendelee kuzungumza.

"Toka," alinong'ona. "Mdogo wangu, toka taratibu."

Dada alishuka, akainua mikono. Ilikuwa imetulia. Jioni ile aliupata mshipa wa mtoto kwa jaribio la kwanza.

Sikio aliishusha injini, akalipandisha gari juu ya mawe nyuma ya gereji, akavifunika vyote viwili turubai. Tangu siku hiyo haelezi kitu kazini. Huandika kwenye vipande vya boksi. Wapo wanaosema amejaa maringo, naye huwaacha waseme.

Juzi alikuja mteja mgeni, mcheshi.

"Fundi, gari yangu inatetemeka. Sababu nini?"

Sikio aliweka kidole mdomoni, akainama kutafuta kipande cha boksi. Nyuma ya gereji, chini ya turubai, sauti yake yeye mwenyewe, yenye mzaha wake wa zamani, ikajibu:

"Sikiliza. Usukani ukitetemeka, ni tairi za mbele. Kiti kikitetemeka, ni za nyuma..."

Mteja aligeukia kule, akitabasamu, akidhani yupo fundi mwingine. Alisikiliza kwa adabu hadi kwenye mipira ya injini. Sikio alikuwa ameanza kukimbia kumfikia.

"Na kama si hayo yote?" mteja akauliza.