Kofi la Bega la Kushoto

Injini ilikohoa mara mbili juu ya Ghuba ya Somme, pwani ya Ufaransa, kisha ikanyamaza. Firmin Lacaze, mwanafunzi wa urubani wa wiki ya sita, aliona mchanga mkavu chini, akaishusha ndege yake, Caudron. Mtoto wa milimani huyo. Angejuaje kwamba mchanga wa pale huwa mkavu juu na uji chini? Magurudumu yalizama, ndege ikabinuka na mabawa yake mawili, na mwalimu wake, Sajini Vasseur, akavunjika mguu.

Maji yalikuwa yameanza kujaa, na ukungu nao ukashuka. Nchi kavu ilikuwa mwendo wa nusu saa.

"Nenda," Vasseur akaamuru. "Mimi ni mzigo."

"Ukipona unifunge, afande. Leo sikusikii."

Firmin alivunja ubao wa bawa, akachana kitambaa chake, akaufunga ule mguu, kisha akambeba mwalimu mgongoni. Mwanzoni alibeba na matusi yake pia. Maji yalipofika magotini, baridi ilimkaza Vasseur taya, matusi yakakoma. Hapo ndipo Firmin alipoogopa kweli.

Kengele ya kanisa ikalia upande wa kulia. Akageukia huko mbiombio. Kofi likampata bega la kushoto.

Alilijua kofi hilo. Angani injini hunguruma, neno halisikiki. Mwalimu hukaa nyuma na kumpiga mwanafunzi bega la upande anaotaka ageukie. Wiki zote sita Firmin aliyachukia makofi hayo. Sasa masikio yalimwambia kulia, lakini Vasseur alikuwa ameruka juu ya ghuba hii miaka miwili. Akageuka kushoto. Hatua chache mbele alisikia, kule kulia alikokuwa akielekea mwanzo, maji yakikimbia katika mfereji wenye kina.

Kushoto. Kushoto tena. Maji yakafika kiunoni. Kila kofi lilikuwa dhaifu kuliko lililopita, na Firmin akajikuta akiomba kwa machozi: nipige, mzee wangu, nipige tena.

Wanawake waokota kombe waliwakuta wamelala majanini, juu ya mstari wa maji. Walileta mkokoteni, wakajaribu kumtoa mwalimu mgongoni. Mikono ya Firmin ilikuwa imekakamaa kwenye mapaja ya mwenzake, vidole havikufunguka. Mama mmoja akaanza kuvikunjua kimoja kimoja.

Vasseur akafumbua macho.

"Msimbandue," akasema. "Tupakieni pamoja."