Hedifoni za Mwalimu Osea

Kila jioni, baada ya kuvua sare na kuosha vyombo, Jenista alikwenda kumsaidia mjomba wake, Watson, kwenye kibanda cha vifaa vya simu karibu na mpaka wa Tunduma. Wateja wengine walivuka kutoka Nakonde, wakipatana bei kwa Kibemba na Kiswahili. Wengi walirudisha hedifoni wakidai ni mbovu. Mjomba Watson hakubishana nao. Alivua kava nene la simu, akasukuma pini ya hedifoni hadi ikalia "ka", na mteja akaondoka akijicheka. Jenista alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini kazi hiyo aliijua vizuri.

Shuleni kwao, kata ya Chapwa, alijulikana kwa jambo jingine. Tangu darasa la nne, ndiye aliyesoma matangazo mstarini. Mwaka huo akahamia Fides kutoka Ihanda, msichana mpole, Kiswahili chake kikivutwa kidogo na Kinyiha. Ulipofika wakati wa mashindano ya kusoma kwa sauti ya shule za mkoa, Mwalimu Osea aliwasikiliza wote wawili, akamchagua Fides.

"Wewe, Jenista, utakuwa msomaji wa akiba," alisema.

Wa akiba! Neno hilo lilimkaa kooni wiki nzima. Alimwonea Fides wivu, wala tusitafute jina jingine. Alichukia mwandiko wake, alichukia kicheko chake, alichukia hata viazi ambavyo Fides alimgawia wakati wa mapumziko, ingawa alivila vyote.

Mashindano yalifanyika kwa mtandao. Majaji walikaa Vwawa, na kila shule ilisoma kwa zamu mbele ya kompyuta. Kwa kuwa malori ya mpakani hupita karibu na shule yakiunguruma mchana kutwa, Mwalimu Osea alikuwa amenunua hedifoni zenye maiki, ili jaji amsikie msomaji na si malori. Alizitunza kuliko saa yake. Za zamani zilikatika waya karibu na pini, hivyo hizi mpya alizizungushia hapo tepu nyeusi ya mafundi umeme, tena kwa kukaza.

Zamu yao ilipofika, Fides aliketi, akavaa hedifoni, akaanza kusoma. Mara akanyamaza.

"Mwalimu, jaji anasema ananiona lakini hanisikii. Na mimi namsikia sikio moja tu."

Mwalimu Osea alikagua kiswichi kidogo cha maiki kwenye waya, akakuta kimewashwa. Akaongeza sauti. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuchagua maiki upya. Mwishowe alichomoa hedifoni ili watumie maiki ya kompyuta yenyewe, lakini jaji akasema anasikia lori tu. Akazirudisha, jasho likimtoka.

"Anasema anatupa dakika tatu," Fides alisema. "Zikiisha, anawaita shule ya Isansa."

Jenista alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na alikuwa ameshaona. Tepu ya Mwalimu ilikuwa imepanda juu ya chuma cha pini, kwa hiyo pini haikuzama yote kwenye tundu. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Moyo wake ulimruka kwa furaha, furaha mbaya, naye akafunga mdomo.

Fides alivua hedifoni, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, mpe Jenista asome. Sauti yake ni kubwa kuliko yangu, pengine itafika. Shule isikose kwa ajili yangu."

Basi Jenista akaketi kwenye kiti alichokitamani wiki nzima. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti ya mstarini.

"Hatusikii, mwanangu," jaji alisema katika sikio moja. "Imebaki dakika moja."

Bila shaka hawakusikia. Jenista alijua kwa nini, na sasa wivu wake ulikuwa umembana yeye mwenyewe. Akinyamaza, shule itarukwa naye akiwa kitini. Akitengeneza, kila mtu ataona alijua. Alitazama karatasi. Fides alikuwa ameweka alama ndogo za penseli kila mahali pa kuvuta pumzi, ukurasa mzima. Jenista aliona aibu.

Alichomoa pini, akabandua tepu kwa kucha, akairudisha pini na kuisukuma hadi ikalia.

"Sasa tunasikia," jaji alisema. "Endelea, mtoto."

Jenista alitaka kuendelea. Alitaka sana, maana wivu ulikuwa bado haujamtoka.

"Samahani, madamu," alisema polepole. "Msomaji ni Fides."

Alimvalisha mwenzake hedifoni kwa mikono yake. Fides alisoma vizuri, ingawa sauti ilitetemeka mwanzoni. Alasiri majibu yakaja: shule ilikuwa ya tatu. Majaji walikuwa wamewakata alama mbili kwa kuchelewa, na shule ya pili iliwazidi kwa alama moja.

Mwalimu Osea aliwaita wasichana wote wawili.

"Jenista, uliiona lini ile tepu?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyeweza kuingia kichwani mwake.

"Tangu mwanzo, Mwalimu. Nilitaka Fides ashindwe."

Fides alimgeukia.

"Kumbe majaji ndio hawakunisikia," alisema. "Wewe ulikuwa unanisikia, ukaniacha."

Jenista alilia, akaomba msamaha, na Fides akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa jambo lilikuwa bado linamuuma.

"Tepu niliiweka mimi," Mwalimu Osea alisema. "Nilikosea kwa kutokujua, na kosa langu limebanduliwa kwa kucha. Wewe ulikosea ukijua, na hilo litachukua siku nyingi kubanduka. Mwanangu, wivu utakujia tena. Hata mimi hunijia, mtu mzima hivi. Ukikujia, usiuache ukufunge mdomo. Ukijua kitu cha kumsaidia mwenzako, kiseme palepale, hata kama moyo unakataa. Leo umesema kweli, nami nakushukuru. Ila ungeisema mapema, tungekuwa wa pili."