Alama Mbili za Sehemu ya Mwisho

Fundi majokofu alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la duka la nyama, spana mkononi, ujumbe wa mkewe ulipoingia.

"Umeangalia sehemu ya mwisho. Usikatae, akaunti yetu ni moja, simu inanionyesha."

Spana ilimponyoka. Mwenye duka akamuuliza kama amepigwa na shoti. Akasema hapana, akaanza kukusanya vifaa vyake. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa anapasuliwa moyo kesho asubuhi, na fomu ilitakiwa isainiwe leo.

Sasa lisikieni kosa lake, maana lilikuwa kosa kweli. Hawa wawili walikuwa hawaambiwi kitu kwa tamthilia za sayansi. Wenzao wakigombania mpira, wao waligombania sayari. Mwalimu alikuwa na daftari la tamthilia tano anazozipenda kuliko zote, kila moja na alama zake kwa kalamu nyekundu. Ya roboti mpishi aliyejifunza kusema uongo ilipata sabini na moja, tena kwa kuonewa huruma. Ya kwanza ilikuwa ya nahodha aliyepotelea nyuma ya nyota, huku mkewe duniani akimwita kwa redio miaka arobaini. Hiyo aliipa tisini na nane. Mbili alizizuia mpaka auone mwisho.

Na mwisho alikataa kuutazama kabla ya upasuaji. Alisema akiumaliza sasa, atarudi kufanya nini? Mumewe akaapa hataugusa. Juzi akaugusa.

Alifika wodini ananuka grisi. Mama mkwe alipomwona sura, akabeba chupa ya chai, akasema anakwenda kutafuta maji ya moto. Chupa ilikuwa imejaa.

Fomu ilikuwa juu ya shuka, haijasainiwa. Fundi akajitetea kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya.

"Bahati mbaya ya dakika sabini?"

Akainamisha kichwa.

"Niliogopa. Daktari aliposema moyo utasimamishwa, nikaanza kuogopa na mpaka leo sijaacha. Nikasema, mambo yakiharibika, ukabakiwa na dakika chache, nani atakusimulia? Sikutaka uondoke hujui kama nahodha na mkewe walionana."

Machozi yakamtoka Mwalimu.

"Kumbe umeshanizika. Mimi nahesabu siku za kurudi nyumbani, wewe unaniandalia maneno ya kuniaga."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

"Basi niambie sasa," mkewe akasema. "Walionana? Naogopa kuliko wewe, nilikuwa sisemi tu. Niambie, nikunje nguo zangu twende nyumbani. Hiyo fomu siisaini."

Jamani, huo ulikuwa mtihani. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba bila upasuaji, mwaka huu hataumaliza. Na jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu, la kumtuliza mke anayelia.

"Sikwambii."

"Mume wangu."

"Sikwambii hata ulie damu. Nimekukosea, nichukie. Ukitaka kujua, saini, ingia, kisha urudi uniadhibu umekaa kwenye kochi letu."

Muuguzi akaja kuulizia fomu. Mwalimu akajifuta pua, akaomba kalamu. Sahihi ikatoka ya ovyo kama ya mwanafunzi mtoro.

"Ngoja nirudi," alimwambia mumewe, kwa sauti ile ile ya kufunga mlango wa darasa.

Kesho yake Fundi alikaa kwenye benchi saa sita nzima. Kila mlango ulipolia, alisimama. Mama mkwe akamshika mkono, na wa kwake ulikuwa wa baridi vilevile. Saa nane mchana daktari akatoka, akavua barakoa, akawaambia moyo unapiga vizuri.

Jioni Mwalimu alifumbua macho, midomo imemkauka. Fundi akainama amsikie.

"Usinisimulie," akanong'ona.

Mwanaume mzima akalia mbele za watu.

Miezi miwili baadaye waliuangalia mwisho wakiwa kwenye kochi. Kama nahodha na mkewe walionana, mimi pia siwaambii. Mwalimu alilia, akacheka, akafungua daftari, akaandika tisini na tisa.

"Na hiyo moja?" Fundi akauliza.

"Hiyo nimekukata wewe," akasema, akamlalia begani. "Uliangalia bila mimi."