Mashine Iliyoitikia Hodi

Barua ya kwanza haikuwa na mwenyewe. Pale juu, mahali pa jina la aliyeituma, palikuwa patupu, na chini yake neno moja tu: Hodi. Kiende aliitazama huku kikombe cha chai kikiwa mkononi, akacheka kidogo, akasema watu wa ng'ambo nao wana mchezo. Akaifuta, akaendelea na kazi.

Ilikuwa ile miaka ya tisini kuelekea mwisho, wakati kompyuta za mji wa Embu ungeweza kuzitaja moja moja, kila moja na mwenyewe. Ukitaka kumwandikia mwanao aliyeko Amerika, ulikwenda mtaa wa Majimbo kwa Kiende, ukaketi kwenye benchi, ukasema maneno yako kwa mdomo naye akakuchapia. Alikuwa mjane. Mumewe Bundi aliendesha pikapu ya miraa kutoka Maua, na barabara ikamchukua kabla mtoto wao hajajua kutembea. Mtoto huyo ni Karambu, na nikikwambia Kiende hakuwa na kingine duniani, sikuongezei chumvi. Walikaa chumba cha nyuma; ofisi ilikuwa chumba cha mbele.

Programu yake ya barua pepe haikuwa na mapicha wala madoido. Kioo cheusi, maandishi tu, kila kitu ukikiagiza kwa herufi: hii ya kusoma, ile ya kutuma. Aliyemwekea ni Kaberia, fundi kutoka Meru, mtu wa maneno mengi na shavu lililojaa miraa mchana kutwa. Kaberia alimfundisha kwamba utamu wa programu ile ni kuishona ikukae mwilini. Kuna faili moja ya setingi, na ndani yake kila mstari ni amri. Ukibadilisha mstari, mashine inabadilika tabia. Kiende akanogewa kabisa. Maandishi akayafanya kijani kibichi. Kwenye mstari wa mwenyeji, yaani mwenye mashine, akaandika jina lake. Akaiagiza mashine ipige simu yenyewe kila magharibi, maana wakati huo simu hushuka bei, ivute barua zote zilizokuja na kupeleka zinazokwenda.

Kisha wateja wakaanza kulalamika. Waliowaandikia kutoka mbali walikuwa hawajui kama barua zao zimefika au zimepotelea njiani. Kaberia akasema hilo ni jambo dogo, weka mstari mmoja, na kila barua itakayoingia mashine itaijibu yenyewe papo hapo. Andika tu "Imepokelewa". Kiende aliliona neno hilo kavu. Mtu amekuja hadi kwako, unamwambia imepokelewa? Kwao huko juu Meru mgeni hapokewi hivyo, angalau aambiwe aketi.

Na Karambu wakati huo alikuwa amejifunza kuitikia hodi. Mteja akibisha tu, kabla mama yake hajainua kichwa, mtoto alikuwa ameshaimba: "Karibu. Ingia ndani. Mwenyeji yupo." Watu walimpenda kwa hilo, wengine wakamletea ndizi. Basi Kiende akachapa maneno hayo hayo kwenye ule mstari, neno kwa neno, akahifadhi, akafurahi. Kaberia alicheka hadi miraa ikamtoka mdomoni.

Sasa wewe na mimi tumelelewa, tunajua. Hodi ya magharibi haiitikiwi ovyo. Unanyamaza kwanza, unachungulia, unauliza ni nani, na asiyetaja jina unamwacha huko huko nje na giza lake. Kiende naye alijua. Nyanya yake alimfinya sikio mara nyingi kwa sababu hiyo. Ila nani angekumbuka kuifundisha kompyuta?

Hodi ya kwanza, ile aliyoifuta, ilikuja mstari huo ukiwa umeshawekwa; ya pili ilikuja magharibi iliyofuata, na ya tatu magharibi ya baadaye, zote bila jina. Zote mashine ikazijibu, karibu, ingia ndani, mwenyeji yupo, na Kiende akaona majibu hayo yamekwenda kwa mtu asiye na anwani na hayakurudi. Barua isiyo na anwani hurudi, kila mtu wa kazi hiyo anajua. Hizi hazikurudi. Zilipokelewa mahali.

Baada ya ile ya tatu hakukuwa na hodi tena. Ilianza harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa, na juu yake marashi mazito ambayo hakuna aliyekuwa nayo katika nyumba hiyo. Kiende alifua mapazia, akaosha sakafu kwa dawa, harufu ikabaki palepale. Kisha modemu, kile kijisanduku cha kuipigia kompyuta simu, ikawa inapiga ule mluzi wake wa kukwaruza saa ya magharibi hata akiwa ameuchomoa waya wa simu na kuushika mkononi. Aliuangalia ule waya, akaiangalia modemu ikilia, akaenda kusimama nje mpaka ikanyamaza.

Siku moja mchana alikuwa akimchapia mwalimu Njue, mteja wake, barua ya kwenda kwa mwanawe. Kule chumba cha nyuma Karambu alikuwa akicheka, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikimbembeleza kwa wimbo wa Kimeru, taratibu, wimbo ambao Kiende mwenyewe humwimbia. Hakushtuka. Alijua ni Bi Mwanarusi, mama mwenye nyumba, mjane wa mchinjaji Omar, ambaye alizoea kupitia mlango wa uani kuja kumwona mtoto. Akaendelea kuchapa. Ndipo Bi Mwanarusi akaingia kwa mlango wa mbele, birika la chai mkononi, akauliza mbona nyumba ina furaha hivyo leo.

Kiende alikimbilia nyuma. Karambu alikuwa ameketi peke yake juu ya kitanda, nywele zimesukwa. Zilisukwa mistari myembamba iliyozunguka kichwa na kukutana utosini, msuko ambao Kiende hakuujua na hakuwahi kuuona Embu wala Meru, na ulinukia marashi yale. Alimuuliza nani amemsuka. Mtoto akamtazama kwa mshangao.

"Si ni wewe, Mama? Hata umeniuma hapa."

Aliufumua msuko huo, akampeleka mtoto kanisani, wakaombewa. Maombi yalikuwa mazuri na pasta alitoa jasho. Lakini waliporudi, kompyuta ilikuwa imewaka yenyewe, na kwenye kioo zilikuwepo barua zilizokwenda kwa wateja wa ng'ambo, ndefu, zenye salamu na utani wa Kiende, zikitaja mambo ya nyumbani kwa Kiende, na chini yake sahihi ya Kiende, na Kiende hakuandika hata moja. Akafungua faili ya setingi. Rangi ilikuwepo. Mstari wa karibu ulikuwepo. Mstari wa mwenyeji ulikuwa mtupu. Akachapa jina lake, akahifadhi, na akiwa bado amekodoa macho herufi zikaanza kufutika kutoka mwisho kuja mwanzo, polepole, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti hicho hicho na kidole chake kiko juu ya kibodi hiyo hiyo, na Kiende akahisi, jamani, akahisi ubaridi wa mkono ukiwa juu ya mkono wake.

Alimwendea Bi Mwanarusi akilia. Mama huyo alikuwa na ujuzi wa mambo hayo, aliurithi kwa mama yake, ingawa hakupenda usemwe barabarani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: nani aliyemkaribisha? Kiende akaapa kwamba hakumkaribisha mtu.

"Hawa hawavunji mlango, Mama Karambu," Bi Mwanarusi akasema kwa sauti ya chini. "Hawa hubisha. Lazima mtu aliitika."

Ndipo Kiende akamsomea ule mstari kwenye kioo. Bi Mwanarusi akatafuta mahali pa kuketi. Akasema huyo ni jini, na hatafuti chumba, wenye kutafuta chumba angewafukuza asubuhi moja. Huyu anautaka wenyeji. Anataka nyumba, jina na mtoto wa kumwita mama. Kuhama hakutasaidia, kwa sababu ameshalijua jina. Kumtukana hakutasaidia, kwa sababu alialikwa kwa heshima. Mgeni aliyekaribishwa huagwa na kusindikizwa, basi.

Wakafanya hivyo. Kiende akaufuta mstari wa karibu, akaandika mahali pake kwamba mwenyeji anamuaga mgeni, aende kwa heri, akautuma kule kusikokuwa na anwani. Bi Mwanarusi akatia ubani kwenye chetezo, na wote wawili wakatembea kutoka chumba cha nyuma hadi barabarani wakimsemesha mtu wasiyemwona, wakimshukuru kwa kuja, wakimwomba asichelewe njiani. Nyuma yao Kiende alisikia nyayo za miguu mitupu zikifuata kwa utiifu. Hakugeuka. Walipofika barabarani nyayo zikapita katikati yao, na moshi wa ubani ukainama upande mmoja.

Bi Mwanarusi akamwambia kilichobaki. Magharibi ya leo atarudi kuuliza kama kweli ameagwa. Atabisha mara tatu, kama alivyobisha mwanzo. Kiende akae ndani na mtoto, maana atakayekuwa nje ndiye atakayefuatwa, na wasitoe neno lolote. Adhana ikiisha bila yeye kuitikiwa, amekwenda na hatarudi.

"Na akiitikiwa?" Kiende akauliza.

"Akiitikiwa, mwenyeji ni yeye. Na mgeni ni wewe."

Basi magharibi ikamkuta Kiende na mtoto kitandani, mlango umefungwa kwa komeo, kompyuta imechomolewa kila waya, Karambu kapakatwa. Kiende alikuwa amemweleza mtoto siku nzima, akambembeleza, akamwahidi ndizi na soda: leo tunacheza mchezo wa kunyamaza, mgeni yeyote akibisha hatuitikii, hata kama unamjua. Mtoto alikubali kwa kichwa. Dirishani mwanga ulikuwa bado upo, wa rangi ya chai ya rangi. Kwa mbali msikitini mtu akaanza kukohoa kwenye kipaza sauti.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya mwalimu Njue, sauti yake kabisa, yenye mafua. Mtoto akamtazama mama yake, akabana midomo, akatabasamu. Hodi ya pili ilikuwa ya Kaberia, na baada yake kicheko chake cha Meru, na Karambu ambaye alimpenda sana Kaberia akajizungushazungusha mapajani lakini hakusema kitu, na Kiende akambusu utosini kwa shukrani, na adhana ikaanza, na harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango, na marashi, na Kiende akahesabu pumzi zake akijiambia imebaki moja, Mungu wangu, imebaki moja tu.

"Hodi," ikasema sauti ya Kiende kutoka nje. "Karambu wangu. Mama amefungiwa nje, kuna baridi. Hodi."

Karambu akageuka akautazama uso wa yule aliyempakata. Akautazama kwa makini, akauangalia mlango, kisha uso tena, na Kiende akaona kitu kinabadilika kwenye macho ya mwanawe, akaona hofu inaingia, na hofu hiyo ilikuwa ya kumwogopa yeye. Alitaka kusema ni mimi, mwanangu, mimi ndiye mama, lakini kusema ni kuitikia, kwa hiyo akamziba mdomo kwa kiganja, na mtoto akapiga mateke, akamuuma kidole hadi mfupani kama unavyomuuma mtu mbaya aliyekushika, akachomoka na kukimbilia mlangoni huku machozi yakimtiririka, na kwa sauti yake nzuri aliyofundishwa, sauti iliyopendwa na Majimbo nzima, akaimba:

"Karibu, Mama. Ingia ndani. Mwenyeji yupo."

Adhana ilikuwa haijaisha.

Kiende hakuona mlango ukifunguka. Alijikuta tu amesimama nje uani, penye baridi, na komeo likirudishwa upande wa ndani. Kidole chake hakikuwa kinauma tena. Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili na mbao hazikutoa sauti. Ndani mtu alikuwa akimfuta Karambu machozi na kumwambia yamekwisha, yamekwisha, tulia nikusuke. Kiende akaita jina la mtoto na halikutoka. Akaita jina lake mwenyewe, na hilo akakuta hana tena. Lilikuwepo neno moja tu kinywani, na akalisema.

"Hodi."

Akamsikia Karambu ndani akiuliza kwa kunong'ona, "Mama, ni nani huyo?"

"Hakuna mtu," sauti ya Kiende ikajibu. "Usiitikie."