Kijana Aliyeuliza Jina la Ua

Siku sanduku lilipoletwa, Hedvig Wessman alikuwa uani akianika mashuka. Ilikuwa siku ya kawaida tu ya mwezi wa tano mjini Kalmar, kaskazini mwa Ulaya: jua hafifu, upepo wa baharini, na harufu ya samaki wa chumvi kutoka kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mama yake bibi yangu. Kisa hiki kimetufikia kupitia kwake, kwa hiyo kama kina uongo, basi ni uongo wa kifamilia.

Sanduku lilikuwa la mume wake Hedvig, Isak. Alikuwa amekaa miaka mitatu Surinam, ng'ambo ya bahari, akikusanya mimea kwa niaba ya baba mkwe wake, Daktari Samuel Brodin. Homa ilimkamata melini wakati wa kurudi, akafa pwani ya Uholanzi ikiwa karibu kuonekana. Mabaharia walimshona ndani ya kitambaa cha tanga wakamtupa majini. Hedvig alikwishalia majira ya baridi, habari zilipofika. Sasa alilifuta sanduku vumbi kwa mikono yake mwenyewe, akamwita baba yake.

Daktari Brodin alikuwa mmoja wa wale waungwana wanaopendana kwa barua bila kuonana hata mara moja. Alikuwa na rafiki mjini Leiden, mwingine Lübeck, mwingine Copenhagen. Walitumiana maua makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, wakagombana kuhusu petali, wakapatana, wakagombana tena. Kwao, mtu akikuheshimu sana aliliita ua kwa jina lako. Akikuchukia, alikupa gugu linalonuka. Watu wazima hao, na mawigi yao kichwani.

Juu kabisa ya sanduku kulikuwa na ua jeupe lenye koo jekundu, ambalo hakuna mwanazuoni aliyewahi kuliona. Pamoja nalo, maneno machache ambayo Isak aliyaandika homani: "Baba, mimi kaburi langu ni maji. Ua hili lichukue jina langu, liitwe Wessmania, ili Hedvig apate pa kunikuta."

Daktari alilia. Nasema haki yake: alilia kweli. Alimshika bintiye mkono, akamwahidi.

Lakini ahadi ni deni, na wadeni wengine wana usahaulifu wa ajabu. Ng'ambo ya ziwa lililo nje ya mji, katika nyumba kubwa ya manjano, aliishi Baroni Sparrfelt, mzee mwenye sauti kubwa katika chama kimoja cha wanazuoni cha mji mkuu. Daktari alikuwa akikitamani kiti cha chama hicho tangu ujana wake, na mara mbili walimkataa. Kufikia katikati ya kiangazi, alikuwa amekula chakula cha Baroni mara nyingi kuliko cha nyumbani kwake.

Asubuhi moja alimwita Hedvig mezani. Mikono ya mzee ilitetemeka siku hizo, kwa hiyo vibandiko vya maua aliviandika binti.

"Andika Sparrfeltia," alisema, bila kumtazama.

"Baba, hilo ua ni la Isak."

"Isak yuko peponi, mwanangu. Kule hawaulizi mtu maua. Baroni yuko hapa, na uchaguzi ni mwezi wa kumi na moja."

"Uliniahidi."

"Jina la maiti halinifungulii mlango," akasema. "Andika."

Akaandika. Hilo ndilo lililomla Hedvig hadi mwisho wa maisha yake. Hakushikiwa kisu. Alikuwa binti aliyezoea kutii, akachovya kalamu, akaandika jina la mzee asiyewahi kuvuka hata ziwa lake mwenyewe. Kibandiko kimoja cha Leiden, kimoja cha Lübeck, kimoja cha Copenhagen. Daktari akalichapisha jina katika kijitabu, na kazi ikaisha, kwa sababu kwa watu wale jina lililotangulia kuchapwa ndilo jina. Hata mfalme halifuti.

Barua ya Leiden ilifika majani yakianza kuanguka. Ilitoka kwa Bwana Verschuur, na Hedvig alimsomea baba yake wakinywa kahawa.

"Ndugu yangu Brodin, ua lako ni zuri ajabu, na jina limelikaa. Ila huyo kijana wako mnamtesa. Alikuja kwangu mchana, amelowa chapachapa, na siku hiyo haikunyesha. Hakutaka kuketi wala kunywa kitu. Aliuliza jambo moja tu: ua lake mmelipa jina gani? Nikamtajia. Akaniomba nirudie. Mtumishi wangu amepiga deki pale mlangoni, na pamelowa tena."

"Kijana gani, baba?"

"Mwanafunzi fulani. Leiden imejaa wanafunzi na utani wao."

Akaendelea kukoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

Ya Lübeck ilitoka kwa Mchungaji Rahlfs, mtu mpole asiyejua utani. Hedvig aliianza kwa sauti, akaimaliza kwa mnong'ono.

"Mgeni wako hakuvaa viatu. Amevikwa kitambaa cha tanga kilichoshonwa kwa uzi mnene toka shingoni, naye amekichana chini apate kutembea. Nilimwuliza jina lake. Alifikiri muda mrefu, akaniambia amelisahau. Alisema aliahidiwa kwamba kuna ua lenye jina lake, ndiyo maana anauliza ua linaitwaje. Nilimwambia Sparrfeltia. Mungu anisamehe kama nimekosea, kwa maana alishukuru sana."

Hedvig aliiweka barua chini.

"Baba. Ni Isak."

"Nyamaza."

"Hajui yeye ni nani. Anauliza njiani. Na kila anakouliza, wanamjibu nilichoandika mimi."

"Nimesema nyamaza!"

"Chapisha upya. Sema ulikosea. Sema ni Wessmania."

"Nichekwe Ulaya nzima? Na Baroni nimwambieje? Nimwambie maiti amedai ua lake?" Alitaka kucheka, lakini midomo haikumtii. Jioni ile Stina, mtumishi wao, alimwona akipigilia misumari dirisha la chini.

Hedvig aliandika barua zake mwenyewe. Aliwasihi marafiki wote wa baba yake: akija, mwambieni anaitwa Isak. Isak Wessman. Lakini barua husafiri kwa farasi wanaolala, na meli zinazongoja upepo. Yule halali. Kila barua ilifika yeye akiwa ameshapita.

Ya mwisho ilitoka Copenhagen, kwa Bwana Fabritius mwenye duka la dawa. Ilikuwa fupi.

"Daktari, huyu Bwana Sparrfelt kijana ni nani wa Baroni? Mwanawe? Alijitambulisha kwa jina hilo kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Sakafu yangu ya mbao imevimba aliposimama. Ameniuliza njia ya kwao."

Akaja mchana.

Watu hudhani vitu hivi vinangoja giza. Havingoji. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mji, theluji ya kwanza ilikuwa ikidondoka, na Hedvig alikuwa akikata mkate. Mlango ukagongwa. Si kwa nguvu. Kiungwana.

Stina alikimbilia chumba cha nyuma. Daktari alisimama katikati ya sebule, akatikisa kichwa: usifungue.

Hedvig akafungua.

Alikuwa yeye. Nywele zimeganda kwa chumvi. Ngozi nyeupe, imelegea, kama mikono ya mfuaji. Macho yalikuwa yaleyale. Yalimtazama yeye, kisha fremu ya mlango, kisha yeye tena, na hayakuona tofauti.

"Samahani, mama," alisema. "Naitwa Sparrfelt. Natafuta nyumbani."

"Isak," Hedvig akanong'ona.

Yule mtu akageuka nyuma, kutazama nani anaitwa.

"Isak. Ni mimi. Ni Hedda wako."

"Sparrfelt, mama," akasema tena, kwa upole, kama anayemsahihisha mzee kiziwi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka sebuleni, nyembamba, ya baba yake.

"Sparrfelt wanakaa ng'ambo ya ziwa. Nyumba ya manjano. Fuata miti."

"Asante, mzee."

Akaondoka. Hedvig alimkimbilia bila shali, akamshika kwa lile tanga, akaliita jina lake mpaka koo likakauka. Madirisha ya mtaa mzima yalifungwa. Mama yake bibi yangu alichungulia kwenye upenyo, akaona alichokisimulia kwa uchungu hadi uzeeni: yule mtu alisimama, akavifungua vidole vya Hedvig kimoja kimoja, taratibu, bila hasira. Ndivyo mwanamume mwenye adabu anavyojitoa mikononi mwa mwanamke asiyemjua.

Yaliyotokea nyumba ya manjano yalisimuliwa baadaye na watumishi waliokuja kununua samaki. Aligonga mlango wa mbele, akataja jina, na mlinda mlango hakuthubutu kumkataa mtu mwenye jina la bwana wake. Akaingizwa ofisini kwa Baroni. Mlango ukafungwa. Wakasikia sauti mbili, za chini. Kisha moja.

Akatoka Baroni peke yake.

Ofisini hamkuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na mlango wa pili.

Tangu siku ile Baroni alibadilika. Alikuwa mzee mkavu, ambaye kwa miaka thelathini alimsalimu mkewe kwa kuinua nyusi. Sasa alishuka jikoni akipiga mluzi. Aliwauliza wapishi habari za watoto wao. Alikaa na mkewe, Bibi Ebba, karibu na jiko, akamshika mkono, akamsimulia mito yenye joto na ndege wekundu. Kisha akaanza kukohoa. Daktari Brodin aliitwa, akamgusa paji la uso, akarudi nyumbani bila kuchukua kofia yake. Homa ile haipo katika nchi yetu. Alikuwa ameisoma kwenye barua za Isak.

Baroni alikufa kabla ya Krismasi. Kura yake alikuwa ameshaipiga. Daktari alipata kiti chake, kitamu hicho, akakikalia peke yake, kwa sababu bintiye hakusema naye tena.

Walimzika Baroni katika kanisa dogo la ng'ambo ya ziwa, chini ya jiwe la ukoo, sakafuni. Hedvig alihudhuria. Watu walipotoka alibaki, na Bibi Ebba naye akabaki. Wajane wawili, na nguo nyeusi, na jiwe moja.

"Wewe ndiye Hedda?" Bibi Ebba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndimi."

"Alikuwa akikuita akilala. Nimekaa na mume wangu miaka thelathini kama mtu anayekaa na kabati. Siku zile chache za mwisho nilipendwa. Mimi si mjinga, mwanangu. Najua hakuwa yeye."

Hedvig aliendelea kulitazama jiwe.

"Nakuomba jambo moja. Usinitajie jina lake. Wewe ulikuwa naye miaka. Mimi niachie zile siku."

Sijui wewe ungefanya nini. Hedvig alimhurumia yule mwanamke; alimhurumia kweli. Lakini baba yake alilichukua jina lile akalitupa. Baroni alilichukua ua. Huyu naye sasa alitaka hata mdomo wa Hedvig ufungwe, kwa unyenyekevu, kwa machozi, na kaburi pekee ambalo mumewe aliwahi kulipata lilikuwa hapo miguuni, limechongwa herufi za mtu mwingine. Akapiga magoti, akaweka shavu kwenye jiwe.

"Isak," alisema. "Isak Wessman."

Kisha chini ya jiwe mtu akaitika.

"Naam, Hedda?"

Aliitika kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Bibi Ebba alijiziba mdomo. Hedvig alicheka na kulia pamoja, akaita tena, na sauti ikaitika tena, karibu zaidi. Mara ya tatu haikungoja kuitwa.

"Hedda. Mbona giza? Nifungulie."

Mchungaji wa kanisa lile aliletwa mbio. Alisikiliza, mkono wake juu ya jiwe, akabadilika rangi. Hedvig alimshika miguu, akamsihi afungue. Mchungaji aliwatuma wanaume waende kuleta jiwe la pili, wakaliweka juu ya la kwanza, wakalimiminia chokaa pembeni, na muda wote huo sauti ilikuwa ikimwita Hedvig, kwa subira, bila lawama.

Mawe yale yapo hadi leo, na watu wa parokia ile huyapita kwa kuzunguka. Tangu wakati ule hakuna mtoto aliyebatizwa Isak katika kanisa lile. Na ikifika Jumapili ya kusoma jinsi Ibrahimu alivyompandisha mwanawe mlimani ili amchinje, mchungaji husoma vizuri mpaka kwenye jina la mtoto, ambalo ni hilohilo Isak, hapo hushusha sauti na kusema, "yule mtoto." Alikuja mchungaji mgeni mmoja, wakati wa bibi yangu, ambaye hakuonywa. Akalisoma jina lenyewe, kwa sauti kubwa.

Waumini walitoka wote kabla ya baraka. Mchungaji yule hakuwahi kusema alichosikia. Ila wiki iliyofuata alifika kwa fundi mawe, akaagiza jiwe la tatu.